Uteuzi wa Rangi na Mitindo ya Maandishi katika Barua Pepe Muhimu: Mfano wa Taarifa za Ukame Tarbaj

Utangulizi

Kutofautisha maandishi kwa rangi si jambo geni katika uandishi wa Waswahili. Misahafu iliyonakiliwa Siyu, katika kisiwa cha Pate, inajulikana kwa mapambo ya wino mwekundu, mweusi na wa manjano. Na hadi leo walimu husahihisha insha kwa wino mwekundu. Barua pepe imeirithi desturi hiyo pamoja na tatizo jipya. Karatasi humfikia msomaji kama ilivyoandikwa, ilhali barua pepe yaweza kubadilika sura njiani. Makala haya yanachunguza namna ya kuteua rangi na mitindo ya maandishi ili ujumbe muhimu usipotee. Mfano unaotumika ni wa taarifa za ukame Tarbaj, katika Kaunti ya Wajir, ambako onyo lililochelewa kusomwa laweza kugharimu mifugo.

Rangi katika Kiswahili

Kiswahili kina vivumishi vitatu vya asili vya rangi: -eusi, -eupe na -ekundu. Hivi hufuata upatanisho wa kisarufi: ujumbe mwekundu, barua nyekundu, maneno mekundu. Rangi nyingine nyingi zimetokana na majina ya vitu na huunganishwa kwa a-unganifu: ujumbe wa kijani, kutokana na jani; wa kijivu, kutokana na jivu; wa zambarau, kutokana na tunda. Kisomali, ambacho ndicho lugha ya kwanza ya wakazi wengi wa Tarbaj, kina madow kwa nyeusi, cad kwa nyeupe na cas kwa nyekundu.

Hata hivyo, kuwa na jina la rangi si kuwa na maana moja ya rangi hiyo. Kwa mfugaji, kijani ni malisho. Kwa dereva, ni ruhusa ya kupita. Kwa karani, huenda ni faili iliyokamilika. Rangi isiyoambatana na neno humwachia msomaji kazi ya kukisia.

Rangi chaguo-msingi na upungufu wake

Chaguo-msingi ni uamuzi ambao watengenezaji wa programu wamekwisha kumfanyia mtumiaji. Programu ya Thunderbird, kwa mfano, huja na vitambulishi vitano: nyekundu kwa ujumbe muhimu, rangi ya machungwa kwa kazi, kijani kwa mambo ya binafsi, buluu kwa yanayosubiri kutendwa, na zambarau kwa ya baadaye. Mpangilio huu unafaa kwa kuanzia, lakini una kasoro mbili.

Kwanza, ni suala la kusomeka. Miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa maandishi ya wavuti inataka tofauti ya mwangaza kati ya herufi za kawaida na usuli wake isipungue 4.5 kwa 1. Nyekundu kamili juu ya nyeupe hufikia takribani 4 kwa 1. Rangi hiyo ya machungwa hufikia takribani 2 kwa 1. Manjano huzidi 1 kwa kiasi kidogo tu. Nyekundu iliyokolea kuelekea damu ya mzee husomeka vizuri zaidi. Aidha, wapo watu, hasa wanaume, wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani.

Pili, vitambulishi hivyo huonekana kwa aliyeviweka tu. Rangi ambayo mtumaji ameipa barua katika kisanduku chake haimfikii mpokeaji. Rangi iliyotiwa ndani ya barua yenyewe husafiri, lakini hutoweka pale barua inaposomwa kama maandishi matupu. Mada ya barua, ambayo ndiyo husomwa kwanza, haibebi rangi wala herufi nzito. Hubeba maneno tu.

Mfano wa Tarbaj

Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame ya Kenya, iliyopewa sheria yake mwaka 2016, hutoa taarifa ya kila mwezi kuhusu kaunti kame, Wajir ikiwemo. Hali ya malisho huonyeshwa kwa ramani ambayo rangi zake huanzia kijani na kuishia nyekundu. Uzito wa suala hili ulidhihirika misimu mitano mfululizo ya mvua ilipokosekana, tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022.

Ichukuliwe kwamba karani wa Tarbaj anaisambaza taarifa hiyo kwa machifu na walimu. Akiandika aya nzima kwa rangi nyekundu na herufi kubwa, hakuna kitakachojitokeza. Mkazo ukiwa kila mahali, haupo popote. Akiandika katika mada “DHARURA: maji, Tarbaj”, kisha akakoleza siku na mahali pekee, ujumbe utaeleweka hata kwenye simu isiyoonyesha rangi.

Hapa linazuka suala la istilahi. Hatua za ukame za Mamlaka hiyo hutajwa kwa Kiingereza, na hatua ya pili na ya tatu, Alert na Alarm, zote huweza kufasiriwa kuwa “tahadhari”. Rangi haiwezi kuokoa tafsiri iliyochanganya hatua mbili. Yafaa “tahadhari” ibaki kwa hatua ya pili, “hatari” kwa ya tatu na “dharura” kwa ya nne.

Mapendekezo

(a) Neno la uzito litangulie katika mada.
(b) Rangi moja ya mkazo itumike, nayo iwe iliyokolea.
(c) Herufi nzito ziwekewe tarehe, mahali na tendo linalotakiwa.
(d) Mstari chini ya neno uepukwe, kwa kuwa hudhaniwa kuwa kiungo.
(e) Barua isomwe kwanza bila rangi kabla ya kutumwa.

Hitimisho

Rangi ni msaidizi wa neno, si badala yake. Mwanafunzi wa Kiswahili anayepanga istilahi za tahadhari, hatari na dharura kwa uangalifu hufanya kazi ambayo programu ya kompyuta haiwezi kumfanyia. Kwa msomaji wa Tarbaj, kazi hiyo yaweza kuamua kama mifugo itahamishwa mapema au la.