Mjamzito Kazini: Haki Zake na Wajibu wa Mwajiri

Mwanamke amejiriwa kupakia maua shambani. Mimba ikifika miezi mitano, msimamizi anamwambia: "Nenda nyumbani kwanza, utarudi ukijifungua." Hapewi barua wala mshahara. Wengi wakiambiwa hivyo huondoka wakidhani hiyo ndiyo likizo ya uzazi. Siyo.

Sheria inasema nini?

Kifungu cha 29 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinampa mfanyakazi likizo ya uzazi ya miezi 3 kwa mshahara kamili. Likizo yake ya mwaka haiguswi. Akirudi, ana haki ya kupata kazi yake ya awali, au nyingine inayomfaa yenye masharti yasiyo duni.

Kifungu cha 46 kinasema mimba si sababu ya haki ya kumfuta mtu kazi. Kifungu cha 5 kinakataza ubaguzi kwa sababu ya mimba. Kesi ikifika mahakamani, ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakubagua.

Kabla na baada ya kujifungua

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri kulinda afya ya kila anayemfanyia kazi. Kwa mjamzito, hilo laweza kumaanisha kumpa kiti, kumwondolea mizigo mizito au kumhamisha mbali na dawa za kunyunyizia, bila kumpunguzia mshahara. Mama akirudi, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri kutenga mahali pa kunyonyesha au kukamua maziwa, na muda usiozidi saa 1 kwa kila saa 8 za kazi.

Mfanyakazi afanye nini?

1. Aandike notisi angalau siku 7 kabla ya likizo, akitaja tarehe ya kuanza na kwamba atarudi kazini. Bila notisi, haki ya likizo yaweza kupotea.
2. Mwajiri akidai, alete cheti cha daktari au mkunga.
3. Abaki na nakala ya kila barua.
4. Akiambiwa aende nyumbani, aombe maagizo hayo kwa maandishi.
5. Akifutwa, apeleke malalamiko kwa afisa wa leba ndani ya miezi 3.

Mpakiaji maua huyo hajaomba likizo, na hakuna aliyempa. Akiondoka kimya, mwajiri aweza kudai kwamba alitoroka kazi. Barua moja na nakala yake humkinga.