Bibi Asieleweke na Nani? Kulea Mtoto kwa Lugha Mbili



Katika somo la familia leo tunagusa jambo tunalokutana nalo tunapotembelea jumuiya ndogo ndogo za Mtendeni, hapa Tabora. Baba na mama wanasema Kiswahili na mtoto wao. Bibi akifika kutoka kijijini anamsalimu mjukuu: "Mwangaluka." Mtoto anamgeukia mama, asubiri tafsiri. Bibi anacheka, lakini jioni hiyo hasimulii hadithi.

Wazazi wanatuambia: "Tukimsemesha Kinyamwezi atachanganyikiwa, shuleni atabaki nyuma." Je, ndivyo?

1. Historia yetu

Tabora, Kazeh ya zamani, ilikuwa njia panda ya misafara: kutoka pwani ya Bagamoyo, wengine walielekea Ujiji, wengine kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19 walitumia Kiswahili njiani na Kinyamwezi nyumbani. Lugha ya safari haikuifukuza lugha ya mama.

2. Maandiko Matakatifu

Timotheo alizaliwa na mama Myahudi na baba Mgiriki (Mdo 16:1). Mtume Paulo anakumbuka kwamba imani ya kijana huyu ilikaa kwanza kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike (2 Tim 1:5). Imani ilipitia kwa bibi. Naye Marko, akiandika kwa Kigiriki, aliyaacha katika Kiaramu maneno ambayo Yesu alimwamsha nayo binti Yairo (Mk 5:41). Mtoto aliitwa kwa lugha ya nyumbani.

3. Tufanye nini?

Kwanza, mtoto akianza sentensi kwa Kiswahili na kuimaliza kwa Kinyamwezi, asichekwe wala kukaripiwa. Kuchanganya ni hatua ya kawaida ya watoto wa lugha mbili. Tukitaka kujua anajua maneno mangapi, tuhesabu ya lugha zote mbili.

Pili, lugha hukua kwa kusikiwa na kutumiwa kila siku. Baba aweza kushika Kinyamwezi na mama Kiswahili. Au familia itenge saa yake, kama ya chakula cha jioni.

Tatu, Kiswahili atakipata shuleni, sokoni na kwa wenzake. Kinyamwezi, tusipompa sisi, nani atampa?

Nne, mtoto akichelewa kusema katika lugha zote mbili, au haitiki akiitwa, tusiisingizie lugha. Apelekwe kliniki achunguzwe, masikio pia.

Hatumhukumu mzazi ambaye lugha imeshampotea. Wengine wetu seminarini tuko hivyo. Tulipomsindikiza padre kumpelekea Komunyo mama mzee mgonjwa, tulimkuta akisali kwa Kinyamwezi tu. Wajukuu walisimama mlangoni, wanampenda, hawamwelewi. Nasi tulisimama pamoja nao. Ndiyo maana tumeandika somo hili.

Maswali kwa jumuiya

1. Nyumbani kwetu, nani anamsemesha mtoto lugha ya bibi, na saa ngapi?
2. Ni sala gani moja tunayoweza kumwomba bibi awafundishe wajukuu kwa lugha yake mwezi huu?