Kabla ya Kukata Mti Uani, Mkinge Mkataji

Wahenga walisema ajali haina kinga. Hata hivyo, ajali nyingi za msumeno wa injini zina kinga, na kinga hiyo huanza kabla injini haijanguruma.

Msimu wa mvua unapokaribia, wakazi wengi wa mijini huanza kuhofia miti iliyoinamia paa, ukuta au nyaya za stima. Mwenye nyumba humwita kijana mwenye msumeno, ule ambao wengi huuita pawasoo, wakapatana bei na kazi ikaanza. Mara nyingi kijana huyo amevaa kaptura na ndara, na hakuna anayemuuliza lolote. Wewe msomaji, kwa kuwa ndiwe unayelipa, una nafasi ya kuuliza.

Msumeno huu hujeruhi vipi?

Mnyororo wenye meno hukimbia mita 20 au zaidi kwa sekunde moja. Hauchanji kama kisu bali hunyofoa nyama vipande vipande, pamoja na mishipa ya damu, kano na hata mfupa. Jeraha huwa pana na limejaa unga wa mbao, oili na udongo. Sehemu zinazoumia mara nyingi ni miguu, hasa paja na goti, pamoja na mikono.

Jambo la kuogopwa zaidi ni msumeno kuruka nyuma. Sehemu ya juu ya ncha yake ikigusa tawi jingine au ukuta, msumeno wote hurushwa kuelekea uso, shingo au bega la anayeushika. Hilo hutokea haraka kiasi kwamba hawezi kukwepa.

Tena si meno ya msumeno pekee yanayoua. Wengine huangukiwa na matawi, wengine huanguka kutoka juu, na wengine hunaswa na stima.

Mambo ya kuhakikisha

1. Mkataji awe na kofia ngumu, kikinga macho, kikinga masikio, glavu na viatu vigumu. Gambuti za kawaida hazizuii mnyororo. Kuna suruali maalumu za kazi hii, ambazo nyuzi zake hujisokota kwenye mnyororo na kuusimamisha.

2. Breki ya mnyororo iwe inafanya kazi, na meno yawe makali. Msumeno butu humlazimisha mtu kusukuma kwa nguvu.

3. Aushike kwa mikono miwili, asikate kwa ncha, wala asiuinue kupita mabega. Asisimame kwenye ngazi huku akikata. Kazi ya juu ya mti ni ya fundi aliyefunzwa, mwenye mikanda na kamba za kujifunga.

4. Watoto na watazamaji wakae mbali, angalau mara mbili ya urefu wa mti. Mkataji naye awe na njia wazi ya kukimbilia mti unapoanguka.

5. Mti ukiwa karibu na nyaya za stima, usiguswe kabla ya kampuni ya umeme kufika na kukata stima.

6. Petroli iongezwe injini ikiwa imezimwa na kupoa. Asiwe amelewa au kuchoka, wala asifanye kazi peke yake.

Damu ikitoka kwa wingi

Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, mtu anaweza kufa kwa dakika chache. Usikimbilie kutafuta gari kabla ya kuzuia damu. Zima msumeno kwanza. Mlaze majeruhi, weka kitambaa safi juu ya jeraha na ukandamize kwa nguvu kwa mikono miwili. Usifunuefunue kuchungulia. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake huku ukiendelea kukandamiza. Mtu mwingine atafute gari au ambulensi wakati huo.

Ikiwa damu ya mkono au mguu haikomi, funga kitambaa kipana juu ya jeraha, upande wa moyoni, lakini si kwenye kiungo. Pitisha kijiti, kisokote hadi damu ikome, kisha andika saa uliyofunga. Usitumie waya wala kamba nyembamba, na usikilegeze njiani. Kazi hiyo ni ya daktari.

Usipake mafuta taa, majivu, kahawa au udongo. Kidole kikikatika, kifunge kwa kitambaa safi chenye unyevu, kitie katika mfuko wa plastiki usiopitisha maji, kisha uuweke mfuko huo juu ya barafu. Kidole chenyewe kisiguse barafu. Aliyeanguka kutoka mtini asinyanyuliwe ovyo, kwani huenda ameumia uti wa mgongo.

Hata jeraha linaloonekana dogo lipelekwe hospitalini. Uchafu ulioingia ndani huhitaji kuoshwa vizuri, na udongo hubeba viini vya pepopunda. Daktari ataamua kama chanjo inahitajika.

Mara nyingine kijana atakwambia amekata miti miaka mingi bila kuumia. Mwambie asubiri hadi vifaa vipatikane, hata kama itabidi uongeze kidogo kwenye bei mliyopatana. Tawi likikatwa mti huchipuka tena, lakini mguu wa binadamu hauchipuki.