Mwendesha Mchezo, Andaa Nia za Maadui

Anayeanza kuendesha Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao kila mchezaji huigiza mhusika wake, mara nyingi hujichosha kwa kuandika hadithi nzima: kikao cha kwanza wachezaji watafika kijijini, cha tatu watamkamata mchawi, cha kumi wataua joka. Kikao cha kwanza kinafika, wachezaji wanaamua kumfuata muuza mboga aliyetajwa mara moja tu, na kurasa zote zinakosa kazi. Tangu Gary Gygax na Dave Arneson walipoutoa mwaka 1974, utamu wa mchezo huu ni uhuru wa mchezaji kujaribu lolote. Andaa basi yale yanayostahimili uhuru huo: nani anataka nini, na atafanya nini asipozuiwa.

Chukua Lost Mine of Phandelver, kisa kilichotoka mwaka 2014 kwa ajili ya wanaoanza. Mapema kabisa wahusika wanaingia katika pango la vibwengo, ambamo mtu aitwaye Sildar ameshikwa mateka. Yeemik, anayemshikilia, ni msaidizi wa mkuu wa pango, Klarg, na anakitamani cheo chake. Anawapa wageni sharti: muueni Klarg, mateka mtampata. Nia hiyo moja inazaa mambo chungu nzima. Wachezaji wanaweza kukubali, kumgeuka, kwenda kumchongea kwa Klarg, au kumrukia kabla hajamsukuma Sildar gengeni. Huna haja ya kuandika hata njia moja kati ya hizo, maana ukishajua Yeemik anataka nini, jibu lake utalipata papo hapo. Kila adui mwenye jina mwandikie anachotaka, anachoogopa na hatua yake inayofuata. Mistari mitatu inatosha.

Kisha dadu. Wengi hulirusha ovyo, mpaka linapoteza uzito. Kabla hujaitisha dadu jiulize: huyu akishindwa, nini kitabadilika? Mwizi anafungua kufuli, mlinzi hayupo, muda upo tele. Mwambie limefunguka, muendelee. Lakini nyayo zikisikika kwenye ngazi, hapo dadu lina kazi. Taja kiwango na gharama waziwazi: “Unahitaji 15. Ukikosa, kufuli litafunguka, ila mlinzi atakuwa ameshafika mlangoni.” Mwenye nyongeza ya 5 atahitaji 10 au zaidi kwenye dadu la pande 20, yaani nafasi 11 kati ya 20. Dadu linapobiringika kila mtu mezani analikodolea macho, kwa sababu wote wanajua kinachogombewa.

Mchezaji naye ana wajibu wake. Mhusika mpweke asiyemwamini yeyote huwachosha wenzake haraka. Buni mwenye sababu ya kusafiri na kundi hili. Mwenzako akikaa kimya muda mrefu, muulize mhusika wake analionaje jambo hilo.

Kabla ya yote hayo, kutaneni mkubaliane mtacheza siku gani, mtafanyaje mmoja akikosa, na mambo gani hamtaki yaguswe mezani. Mtu asilazimishwe kueleza kwa nini hataki jambo fulani.

Na kila kikao kikikaribia kwisha, watu wakiwa bado wamekaa, waulize: safari ijayo mnaelekea wapi? Watakachojibu ndicho cha kuandaa wiki hiyo.