Maneno ya Kiingereza Yahusuyo Ghashi na Hadaa

Mwanachama auzaye karafuu hana budi kukutana na Kiingereza: katika hati za mauzo, katika barua za wanunuzi wa ng'ambo na katika kanuni za madaraja. Yapo maneno kadha ya lugha hiyo yahusuyo kitu hafifu au bandia. Kwa haraka huonekana kuwa yana maana moja, lakini sivyo. Na mzigo wako ukikataliwa, yafaa ujue umeambiwa nini hasa. Leo tutayatazama matano.

1. "Inferior". Maana yake ni duni. Neno hili halimshitaki mtu yeyote. Karafuu iliyonyeshewa jamvini ikavunda ni "inferior". Mwenyewe akiiuza kwa daraja lake, hana lawama.

2. "Adulterate". Hapa ndipo lawama inapoanza. Maana yake ni kughushi, yaani kuchanganya kitu safi na kitu hafifu ili uzito uzidi au gharama ipungue. Anayetia makonyo au mchanga ndani ya gunia la karafuu amefanya jambo hili. Asidhani kwamba halitajulikana. Karafuu kavu iliyo nzuri hutoa mafuta kiasi cha sehemu 15 hadi 20 katika kila 100 ya uzito wake, na makonyo hutoa kama 5 hadi 7 tu. Basi mwenye kukamua atagundua.

Tena kughushi kwaweza kuua. Mwaka 1858, katika mji wa Bradford, Uingereza, mtengeneza peremende alitaka kupunguza sukari kwa kutia unga wa jasi. Dukani akapewa sumu ya aseniki kwa makosa. Watu wapatao 20 walikufa, na wengi zaidi waliugua. Mwaka 1860 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuzuia kughushi vyakula na vinywaji.

3. "Counterfeit". Hiki ni kitu kilichoundwa tangu mwanzo kwa kuigiza kingine: noti, sarafu, sahihi au muhuri. Karafuu yenye makonyo haiitwi hivyo. Lakini muhuri wa uongo uliopigwa juu ya gunia huitwa hivyo.

4. "Pass off". Maana yake ni kukipitisha kitu kwa jina lisilo lake. Kitu chenyewe chaweza kuwa kizima kabisa. Uongo umo katika jina. Mfanyabiashara wa ng'ambo akichukua karafuu ya nchi nyingine akaiuza kwa jina la kisiwa chetu, amefanya jambo hili, nasi tumedhulumiwa pamoja na mnunuzi. Katika sheria ya Kiingereza mwenye jina aweza kumshitaki mtu wa namna hiyo. Kwa hiyo neno hili si la kutulaumu tu, bali pia ni la kutulinda.

5. "Shoddy". Hapo kale lilikuwa jina la kitambaa tu. Tangu mwanzo wa karne ya 19, katika mji wa Batley, Uingereza, matambara ya sufu yalichanwa, yakasokotwa upya na kufumwa. Kilikuwa kitambaa cha bei nafuu, nacho kilifaa kwa kazi yake. Lakini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyoanza mwaka 1861, askari waliuziwa sare za kitambaa hicho kana kwamba ni sufu nzuri, zikawaraukia mwilini. Tangu hapo neno likawa tusi, na hata leo kazi yoyote mbovu huitwa "shoddy".

Msomaji atazame vema habari ya kitambaa hicho, maana ndiyo habari yetu. Makonyo yakiuzwa kwa jina la makonyo ni mali halali, na bei yake ipo. Yakiuzwa kwa jina la karafuu ni wizi; na jina likisha kuharibika sokoni, hasara humfikia hata jirani aliyeanika vizuri na kuchambua kwa uaminifu.

Zoezi: Mnunuzi ameandika kwamba mzigo ni "inferior but not adulterated". Je, amemtuhumu muuzaji kwa udanganyifu? Hapana. Amesema karafuu ni duni, ila haikughushiwa. Mtu huyo aweza kurudi msimu ujao na karafuu bora, naye atapokewa.