SOMO LA BIOLOJIA: MJUSI WA MTO MEUSE

Mtu akiona mfupa mkubwa ndani ya jiwe, atajua namna gani ni wa nyama gani? Tuangalie jambo la Maastricht, mji wa Uholanzi kando ya mto Meuse.

Pale kuna mlima wa mawe mororo, ambayo zamani sana yalikuwa matope ya chini ya bahari. Karibu na mwaka 1780 wachimba-mawe wakakuta ndani yake taya kubwa zenye meno. Hoffmann, munganga wa askari, alisema: ni mamba. Mwaka 1786 Petrus Camper akasema: hapana, ni nyangumi. Baadaye mtoto wake Adriaan akapima tena, akasema: ni mjusi. Askari wa Ufaransa walitwaa kichwa kile mwaka 1794, nacho kiko Paris hata leo. Kule Cuvier akahakikisha neno la Adriaan, mwaka 1808.

Alama ni hizi:
1. Juu ndani ya kinywa kuna meno mengine madogo. Nyoka na mijusi wamoja wanayo. Mamba na nyangumi hawana.
2. Kila mfupa wa mgongo una shimo mbele na kichwa cha duara nyuma. Ule wa nyangumi ni bapa pande zote mbili.

Mwaka 1822 akaitwa Mosasaurus, maana yake mjusi wa Meuse.

Angalisho: ukikuta mfupa ndani ya jiwe, usiungoe mbiombio. Andika kwanza mahali na namna ya jiwe, kisha ita mwalimu. Mfupa usiojulikana ulitoka wapi umepoteza nusu ya habari yake.

Maulizo: Sababu gani ukubwa peke yake hautoshi? Nyama wa bahari alifika namna gani ndani ya mlima?