Homa ya Uti wa Mgongo: Kwa Nini Walio Wazima Nyumbani Nao Hupewa Dawa

Mtu akilazwa kwa homa ya uti wa mgongo, mhudumu wa afya huuliza swali linalowashangaza jamaa wengi: nyumbani mnalala wangapi? Baadaye huleta vidonge au sindano kwa watu ambao hawana hata mafua. Wapo wanaokataa. "Mimi siumwi, nimeze dawa ya nini?" Wakazi wa Siyu na vijiji vingine vya kisiwa cha Pate wana haki ya kupata jibu lililo wazi.

Bakteria anayeitwa meningokokasi, mmoja wa wanaosababisha homa hii, makao yake ni nyuma ya pua na koo la binadamu. Katika nyakati za kawaida, takribani watu 5 hadi 10 kati ya 100 huwa naye. Hawaumwi. Hukaa naye wiki kadhaa, pengine miezi, kisha akatoweka bila wao kujua. Hao ndio wabebaji, na vijana wa rika la shule ya upili na chuo huongoza. Ni nadra bakteria huyu kupenya kutoka kooni hadi kwenye damu na utando wa ubongo. Akipenya, hata kwa matibabu mgonjwa mmoja kati ya kumi hufariki, na wengine hubaki viziwi au na ulemavu.

Kabla ya kuandika makala haya nilidhani, kama wengi, kwamba mgonjwa ndiye anayeleta maradhi nyumbani. Mara nyingi mambo ni kinyume. Mtoto aliyelazwa huenda ndiye wa mwisho kumpata bakteria, kutoka kwa kaka, mama au mgeni aliye mzima kabisa. Mgonjwa akishapelekwa hospitalini, mbebaji bado yuko nyumbani, analala chumba kimoja na wadogo zake. Ndiyo maana walioishi na mgonjwa wako katika hatari mamia ya mara kuliko watu wengine, hasa wiki ya kwanza. Dawa haitolewi kwa kuwa wanaumwa. Hutolewa ili kumwondoa bakteria kooni mwa yeyote aliye naye, na hakuna haja ya kumtafuta wala kumlaumu.

Ulimwengu ulilishuhudia hilo mwaka 2000. Mahujaji waliorejea kutoka Makka walikuwa wamechanjwa dhidi ya aina A na C, lakini aina ya W135 ilikuwa ikisambaa. Uingereza na Ufaransa, miongoni mwa waliougua walikuwamo jamaa zao ambao hawakusafiri popote. Mwaka uliofuata watafiti wa Singapore waliwapima mahujaji waliorudi: takribani 15 kati ya 100 walikuwa na W135 kooni, na baadhi ya watu wa nyumbani mwao wakampata pia. Kenya nayo ina kumbukumbu yake. Mlipuko wa Nairobi wa 1989, uliowapata watu wapatao 3,800, ulitokana na bakteria wa ukoo mmoja na yule aliyesambaa Makka mwaka 1987.

Dawa yenyewe ni nyepesi. Mtu mzima kwa kawaida hupewa kidonge kimoja cha siprofloksasini. Mama mjamzito hupewa sindano ya seftriaksoni. Inafaa itolewe ndani ya saa 24 baada ya ugonjwa kutambuliwa; zikipita wiki mbili haina faida kubwa. Masalio ya dawa ya koo yaliyo kabatini hayafai kazi hii. Wanaohitaji ni wanaolala na kushinda nyumba moja na mgonjwa, si mtaa mzima. Na tafadhali msichome godoro wala kutupa vyombo: bakteria huyu hafi moyo akiwa kooni, lakini nje ya mwili hufa upesi. Huambukiza kwa matone ya mate na pumzi ya watu wanaokaa karibu kwa muda mrefu.

Dalili za kukimbilia zahanati ni homa kali ya ghafla, kichwa kuuma sana, shingo kukaza, kutapika, kuchanganyikiwa, au vipele vyekundu visivyofifia ukivibonyeza kwa gilasi. Mtoto mchanga huweza kukataa kunyonya tu na utosi ukavimba. Mkondo wetu wa mikoko haupitiki vizuri maji yakipwa, kwa hiyo msikae kusubiri maji yajae ili mvuke kwenda Lamu. Anzeni zahanati ya Siyu au hospitali ya Faza, iliyo kisiwa hiki hiki, mgonjwa apate sindano ya kwanza mapema.

Kwa wanaojiandaa kwa Hija au Umra: Saudi Arabia hutaka cheti cha chanjo ya aina nne, A, C, W na Y, iliyochomwa angalau siku 10 kabla ya kufika. Ulizeni mapema kituo kipi kinaitoa, msiache hadi wiki ya safari.